Farasi asiyejikwaa: mbegu sita za njia za milimani, mbili kwa mbili

Nimeangushwa na farasi mara moja tu, tena mahali pasipo na hatari yoyote. Tulikuwa kwenye vilima fulani vya Kenya, nami nimepewa mstaafu wa mashindano ya mbio, mrefu, miguu kama fito. Asubuhi nzima tulishuka genge la mawe makali, naye akichagua pa kukanyaga kama bibi anayevuka mto. Tulipofika tambarare, kwenye njia pana ya ng'ombe, nikalegea juu ya tandiko nikaanza kupiga picha. Hapo ndipo alipojikwaa kwenye kijiwe kisichozidi ngumi, akapiga magoti, mimi nikapita juu ya shingo yake hadi vumbini. Aliyetuongoza alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo hajikwai mlimani, ndugu yangu," akaniambia. "Hujikwaa akichoka kuangalia."

Tangu siku ile, kila ninaposikia mtu akiapa kwamba mbegu fulani ya farasi haijikwai, huuliza mambo matatu. Haijikwai ikienda mwendo gani? Juu ya ardhi ipi? Na huyu mmoja unayeniuzia au kunikodisha, alikulia wapi? Mbegu hulijibu swali la kwanza vizuri, la pili hulijibu nusunusu, na la tatu hailijibu kabisa.

Nawaandikia watu wa aina mbili. Kuna anayekwenda matembezi ya siku chache Lesotho, Ethiopia au Iceland, ambaye hajawahi kupanda mnyama mkubwa kuliko punda. Halafu kuna jamaa zetu walioko Marekani ambao wamepata kashamba nje ya mji na sasa wanataka farasi wa kupanda Jumamosi msituni. Nimeziweka mbegu mbili mbili kwa sababu ndivyo watu wanavyokwama: huyu au yule.

Kinachomfanya farasi ajikwae

Farasi aliyesimama huegemeza karibu asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele. Ukimpanda unaongeza mzigo palepale, na akianza kushuka mteremko mzigo wote unasogea mbele zaidi. Anayeshuka vizuri ni yule anayejua kukalia miguu ya nyuma: anaiingiza chini ya tumbo, anainamisha nyonga, na ya mbele inabaki nyepesi, huru kupapasa. Mgongo mfupi na nyonga nene humsaidia sana. Ndiyo maana mbegu nyingi za milimani ni fupi, za kifua kipana, wala hazipendezi sana kwenye picha.

Kisha ukwato. Ncha yake ikiachwa kurefuka, ukwato huchelewa kupinduka unapoondoka ardhini, na farasi atajikwaa hata awe wa ukoo gani. Kwato hukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Kwa niliyoyaona, farasi wengi wa kukodi wanaojikwaa wanajikwaa kwa sababu hii, halafu lawama inabebeshwa mbegu. Na ukisikia kwamba kwato nyeusi ni ngumu kuliko nyeupe, msemaji anarudia alichosikia kwa babu yake; rangi haibadilishi ugumu.

La mwisho ni macho. Farasi huona karibu pande zote kumzunguka, isipokuwa nyuma ya mkia, mbele kabisa ya paji la uso na chini ya pua. Jiwe analolikanyaga sasa aliliona hatua kadhaa zilizopita na akalikumbuka. Ili alione, lazima ainamishe kichwa. Mpandaji mwoga anayevuta hatamu kwa mikono miwili kwenye mteremko amemfunga mnyama macho, kisha analalamika kwamba haoni.

Farasi wa Basotho na farasi wa Iceland

Hawa wawili wanalingana kwa kimo, kati ya sentimita 130 na 145 hivi hadi begani, na wote wawili watu hupenda kuwaita farasi wadogo kwa dharau mpaka siku watakapowapanda. Wote walilelewa na nchi ngumu. Lakini ugumu wa nchi hizo mbili haufanani, na hapo ndipo uchaguzi ulipo.

Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo yote iko juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Sehemu yake ya chini kabisa inakaribia mita 1,400, na kilele chake, Thabana Ntlenyana, kina mita 3,482. Farasi si mnyama wa asili huko. Wadachi waliwaleta Rasi ya Tumaini Jema katika karne ya 17, wa mwanzo wakitokea Java, na ilipofika miaka ya 1820 na 1830 Wasotho, yaani Basotho, wa mfalme Moshoeshoe wa Kwanza walikuwa wameanza kuwapata. Ndani ya muda mfupi wakawa taifa la wapanda farasi, pengine la pekee la namna hiyo kusini mwa Ikweta ya Afrika. Farasi wale wa Rasi hawakuwa wadogo. Baridi, theluji, nyasi haba na miteremko viliwapunguza kizazi baada ya kizazi, na aliyevunjika mguu hakuacha mtoto.

Vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902 viliwamaliza walio bora, kwa kuwa jeshi liliwataka sana kwa sababu ileile tunayoizungumzia hapa. Baadaye damu ikachanganywa ovyo. Serikali ya Lesotho, kwa msaada wa Ireland, ilijaribu kuirudisha mbegu, na Afrika Kusini nayo ilianza mwaka 1951 kuzalisha mbegu iitwayo Nooitgedachter kutokana na majike ya Basotho. Kwa hiyo ukienda leo, farasi utakayepewa huenda ni chotara. Usijali sana. Amezaliwa kijijini pale pale, amefuata mama yake kwenye njia ile ile tangu ana wiki chache, na mwenye kumiliki ndiye anayemtumia kubeba magunia ya mahindi siku ambazo wageni hawapo. Swali langu la tatu limejibiwa kabla sijauliza.

Vituo vinavyojulikana ni Malealea na Semonkong. Kutoka Semonkong unafika maporomoko ya Maletsunyane, yenye kimo cha mita 192. Njia huko si barabara. Ni ngazi za mawe zilizojichonga zenyewe, udongo unaomomonyoka pembeni, na ukitazama chini unaona mto kama uzi. Farasi wa Basotho hushuka hapo hatua kwa hatua, akisimama pale panapohitaji kufikiriwa. Mara nyingi hana viatu vya chuma, na juu ya mwamba hilo ni jema: ukwato mtupu hushika, chuma huteleza. Kasoro yake kubwa haiko miguuni. Iko mgongoni. Tandiko la kijijini pengine ni kuukuu, blanketi limekunjika, na kidonda hujificha chini yake. Inua blanketi utazame kabla hujapanda; mwenyeji hatakasirika ukiomba kwa heshima. Na kama una kilo 95, sema mapema uletewe mwenye mwili.

Iceland ni habari nyingine. Farasi walifika na walowezi wa kutoka Norwe kwenye karne ya 9 na 10, na tangu 982, kwa jinsi inavyosimuliwa, ni marufuku kuingiza farasi kutoka nje. Sheria hiyo bado inafanya kazi. Farasi wa Iceland akitoka nchini, hata kwa mashindano ya wiki moja, harudi tena. Anauzwa huko huko. Matokeo yake ni mbegu iliyofungiwa miaka zaidi ya elfu moja, karibu haina maradhi ya wenzake, na haina kinga pia.

Watoto wa farasi wa Iceland huachwa makundi kwa makundi kwenye nyanda za juu, na hawaanzi kufundishwa mpaka wafike miaka 4 au zaidi. Miaka hiyo yote wanakanyaga mawe ya volkano yaliyofunikwa na mimea laini, vichuguu vya nyasi, matope, na mito ya barafu inayobadilisha mkondo kila wiki. Ndiyo shule yao. Mwenye kuvuka mto wenye maji mpaka tumboni na chini mawe ya mviringo yanayobingirika, asitafute mwingine.

Ana pia mwendo wa tölt, wa kasi lakini laini, ambao nitaueleza pamoja na Wamarekani hapo chini kwa kuwa ni ndugu. Mwaka 2012 wanasayansi waligundua badiliko katika jeni (chembe ya urithi) liitwalo DMRT3 ambalo ndilo linalowawezesha farasi wa namna hii kwenda miendo hiyo.

Sasa uchaguzi. Kama ni ngazi za mawe, kupanda na kushuka, siku tatu au nne kwa mwendo wa kutembea: Basotho, na bei yake ni nafuu mara nyingi. Kama ni masafa marefu ya wazi, maji na matope, na unataka pia kukimbia: Iceland. Ila mpande Iceland kwenyewe. Aliyesafirishwa kwenda nchi zenye joto na visubi hupata mwasho mkali wa kiangazi, anajikuna mpaka anatoa damu kwenye shingo na mkia. Na aliyezaliwa kwenye zizi tambarare la Ujerumani ana pasipoti ya babu zake, hana miguu yao. Kuhusu uzito: wengi wana kati ya kilo 330 na 380, na kanuni inayotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Piga hesabu mwenyewe. Waaisilandi huipuuza kanuni hiyo kila siku na wanawapandisha watu wazima wanene. Wanasema mfupa wa farasi wao ni mzito. Mimi naamini nusu ya hilo.

Missouri Fox Trotter na Tennessee Walking Horse

Kabla ya hawa wawili, neno moja la nyumbani. Wazee wa pwani, enzi za punda weupe wa Maskati, hawakusema tu kwamba mnyama "anakimbia". Walikuwa na matiti, telki na shoti. Shoti ni mbio kamili. Matiti ni ule mwendo wa kurukaruka ambapo mguu wa mbele wa kulia unakwenda pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha mnyama anaelea hewani kidogo, kisha jozi ya pili. Mpandaji anarushwa juu na chini kama gunia. Telki ni mwendo wa haraka usiorusha. Miguu inatua kwa zamu, mmoja mmoja, na kahawa iliyo mkononi haimwagiki. Mbegu hizi mbili za Marekani zipo kwa ajili ya telki. Ni neno zuri, sijui kwa nini tuliliacha lizeeke.

Fox Trotter ni wa milima ya Ozark, huko Missouri. Chama chake cha kumbukumbu za ukoo kilianzishwa Ava, Missouri, mwaka 1948, na mwaka 2002 jimbo likamfanya farasi wake rasmi. Watu wa mlimani walimtaka kwa safari ndefu zenye mawe, na walinzi wa misitu wa serikali wamemtumia vilevile. Telki yake ina asili ya matiti: mguu wa mbele unatua punde kidogo kabla ya ule wa nyuma wa upande wa pili, ambao unateleza mahali pake badala ya kudunda. Daima kuna mguu ardhini.

Tennessee Walker ana chama tangu 1935, huko Lewisburg, Tennessee. Yeye telki yake ni kutembea kulikoharakishwa: miguu inafuatana kama katika mwendo wa kawaida, ila ule wa nyuma unapita alama ya ule wa mbele kwa sentimita nyingi, na kichwa kinatikisika kwa mdundo. Ukimpanda njia ya udongo mzuri utadhani umekaa kwenye kiti cha kubembea barazani. Walimzalisha kwa ajili ya mashamba, wasimamizi wakikaa juu yake kutwa nzima. Mashamba, angalia, si mawe.

Wauzaji wa mbegu zote mbili hutumia hoja moja: "Huwa na mguu ardhini wakati wote, kwa hiyo hajikwai." Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili haifuati. Penye hatari, kwenye mwamba au ukingo, hakuna mwenye akili anayekwenda telki. Kila farasi wa kila mbegu hutembea, na katika kutembea kila farasi ana miguu miwili au mitatu ardhini. Hapo Fox Trotter na farasi wa mkokoteni ni sawa. Faida ya telki iko kwingine: katika saa sita zilizobaki za safari, ambapo mpandaji hadundi, mgongo wa farasi haupigwi, na jioni wote wawili bado wana nguvu za kuangalia pa kukanyaga. Mnyama wangu wa Kenya angekuwa na telki, huenda nisingekula vumbi.

Tofauti yao njiani ni hii. Telki ya Fox Trotter, kwa kuwa miguu yake inashirikiana kwa mshazari, inabaki imara ardhi ikibadilika. Baadhi ya koo za Tennessee huegemea upande mmoja, yaani miguu ya kulia inakwenda karibu pamoja na kisha ya kushoto, mwili unayumba kama mashua yenye upepo wa tanga moja. Kwenye mawe mwendo huo hujifunga wenyewe. Halafu kuna suala la maonyesho. Kwa miaka mingi baadhi ya wafugaji wa Tennessee Walker walirefusha kwato, wakaweka viatu vizito vyenye tabaka, na wengine wakafikia hatua ya kuwaumiza miguu kwa kemikali ili wainyanyue juu. Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda farasi mwaka 1970 kwa sababu ya ukatili huo. Farasi aliyetoka upande huo wa mbegu hana alichofundishwa kuhusu kukanyaga mlima.

Kwa hiyo uko Kentucky, Missouri, Arkansas, njia zako ni mawe: nunua Fox Trotter. Uko mahali pa vilima vya udongo na mashamba, au una mgongo mbovu: Tennessee Walker aliyezaliwa shambani, wa kwato fupi na viatu vya kawaida, ni raha tupu, na mwili wake mkubwa unambeba mtu mzito. Muuzaji akikuonyesha vikombe vya maonyesho, mshukuru, uage.

Yuko wa tatu katika ukoo huu, Rocky Mountain Horse wa mashariki mwa Kentucky. Dume lao maarufu, Old Tobe wa mzee Sam Tuttle, aliwabeba wageni wasiojua kupanda kwenye njia za hifadhi ya Natural Bridge, na watoto wake wanapendwa kwa upole huo huo. Wengi wana rangi ya chokoleti na singa nyeupe, na watu hununua rangi hiyo kabla ya kutazama miguu. Kosa. Jeni linaloleta rangi hiyo huja na kasoro za macho kwa baadhi yao. Daktari wa wanyama amtazame macho kwanza, maana farasi asiyeona vizuri telki haimsaidii kitu.

Mwarabu na baghala

Hapa nalinganisha farasi na asiye farasi, na najua kuna watakaonuna.

Farasi wa Kiarabu hahitaji kutambulishwa kwa wasomaji walioko Oman na Ghuba. Ushahidi wake njiani ni mashindano ya Tevis Cup huko California, yaliyoanza 1955: maili 100 kuvuka milima ya Sierra Nevada hadi mji wa Auburn, ndani ya saa 24, sehemu kubwa ikiwa korongo baada ya korongo na nyingine gizani. Mara nyingi karibu nusu ya wanaoanza hawamalizi. Waarabu na machotara wao ndio wametawala tangu mwanzo. Ukwato wao ni mgumu, mifupa myembamba lakini imara, mwili hautunzi joto. Kwa miguu peke yake, sina neno.

Tatizo liko juu ya miguu. Mwarabu ni mnyama wa hisia. Mfuko wa plastiki uliokwama kwenye mti, kivuli, ndege anayeruka ghafla: yeye huona kabla yako na kuruka pembeni kabla hujajua ameona nini. Kwenye jangwa kuruka pembeni ni jambo dogo. Kwenye njia yenye upana wa mita moja, upande mmoja ukuta na mwingine hewa, kuruka bila kujikwaa bado ni kuruka. Mpandaji mzoefu hupenda uchangamfu huo; mgeni huuogopa, na woga wake unapita kwenye hatamu mpaka mdomoni mwa farasi. Nao waliolelewa kwenye mabanda ya mchanga laini ya Ghuba, wanaokimbizwa kwenye njia zilizosawazishwa kwa mashine, wanajua mbio. Mawe hawajayaona.

Upande wa pili anasimama baghala. Wengi husema nyumbu, lakini Tanzania ukisema nyumbu kila mtu anaona Serengeti na mamba wa mto Mara, kwa hiyo nabaki na baghala: mtoto wa punda dume na farasi jike. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, yeye 63, na kwa hiyo karibu kamwe hazai. Kwa baba amerithi ukwato mwembamba, uliosimama, mgumu kama pembe. Amerithi pia kitu kikubwa zaidi: farasi akishtuka hukimbia, punda akishtuka husimama. Watu huuita ukaidi. Kwenye ukingo wa korongo ndio unaokurudisha nyumbani.

Kwenye Grand Canyon, Arizona, baghala wamekuwa wakishusha wageni tangu karne ya 19, kutoka ukingo wa kusini hadi mto Colorado, zaidi ya mita 1,300 chini. Kijiji cha Supai, cha Wahavasupai, wenyeji wa asili wa huko, kilicho ndani ya korongo hilo, bado hupokea barua na vifurushi kwa msafara wa baghala, kilomita 13 hivi za njia ya mawe. Posta ya taifa kubwa namna ile, na miguu ya baghala. Huko wageni hupimwa uzito kabla ya kupanda, hadharani, juu ya mizani. Anayezidi kikomo harudishiwi tabasamu.

Karibu na kwetu zaidi ni milima ya Simien, Ethiopia, ambako Ras Dashen inapita mita 4,500. Wahabeshi humwita beklo, neno linalosikilizana na baghala letu, na kwao yeye ndiye mnyama wa heshima. Zamani maaskofu na mabwana walimpanda yeye na farasi wakamwachia vita. Kutoka Debark kwenda Sankaber na Chennek utakodi beklo pamoja na mwenyewe, anayetembea pembeni kwa miguu. Hupandi peke yako, hushiki uamuzi wowote, na hiyo ndiyo raha yake kwa asiyejua.

Uamuzi wangu hauna kigugumizi. Mgeni wa kupanda na njia nyembamba: baghala, bila kubishana. Anayejua kupanda na anataka kwenda mbali kwa kasi: Mwarabu. Baghala ana kasoro moja inayonikera, nayo ni kutembea kwenye ukingo wa nje kabisa wa njia, wakati ndani kuna nafasi tele. Wanasema alizoea kubeba mizigo mipana na kuogopa kugonga ukuta. Utazame mbele, si chini.

Wengine, haraka

Haflinger wa Tirol ni wa rangi ya dhahabu na mwenye nguvu. Wote wanatokana na dume Folie aliyezaliwa 1874, na jeshi la Austria bado linawatumia kubeba mizigo milimani. Wazuri, wanene, wapenda kula njiani. Mpe mtoto wako mwenye mikono imara.

Criollo wa Argentina: mwaka 1925 msafiri Aimé Tschiffely aliondoka Buenos Aires na wawili, Mancha na Gato, wote wamepita umri wa miaka 15, akavuka Andes na kupanda kaskazini. Mancha alifika New York mwaka 1928. Gato aliumia akabaki Mexico. Walikuwa wamelelewa Patagonia, nusu pori. Ona tena mahali pa kukulia.

Farasi wa mbio, yule wa kizungu aliyejaa kwenye mashamba ya kukodisha ya Kenya kwa sababu viwanja vya mashindano humstaafisha akiwa kijana: wayo mwembamba, hatua ndefu, moyo mwepesi. Akitunzwa mlimani miaka miwili mitatu hubadilika. Akiwa ametoka uwanjani mwezi uliopita, kataa.

Nanyuki, zamani, mlowezi Raymond Hook alizalisha machotara wa pundamilia na farasi waliopanda Mlima Kenya na mizigo. Miguu yao ilisifiwa. Tabia zao hakuna aliyezisifu.

Siku ya kuchagua

Ukifika, usiulize mbegu kwanza. Tazama kwato: ncha fupi, pande zote sawa, hakuna ufa unaopanda juu. Muulize mwenyewe farasi huyu alizaliwa wapi na amepita njia hii mara ngapi; anayemjua mnyama wake hujibu bila kutafakari, anayemkodi kwa mwingine hutazama pembeni. Inua blanketi. Pima jinsi anavyosimama ukimfunga kikuku cha kupandia, kwa sababu asiyetulia hapa hatatulia kule juu.

Kisha omba ashushwe mteremko mdogo akiwa mtupu, anaongozwa kwa kamba iliyolegea. Kaa kando, tazama. Akishuka shingo juu, masikio yanazunguka, kwato zinagonga mawe ovyo, omba mwingine hata kama karatasi zake zina mihuri mitatu. Akifika penye jiwe akapunguza hatua, akainamisha pua karibu iguse ardhi, akavuta pumzi kisha akaweka mguu pembeni yake, rudisha hatamu shingoni mwake, panda, na umwachie kichwa.